Feni ya Vidole Vitatu

Siku ya kwanza mwenzangu alipopewa nafasi ya kueleza yaliyotupata jinerini, kile kiwanda cha kuchambua pamba, kikao cha shauri letu kule Musoma hakikumsikia. Kilisikia feni.

Alikuwa kitandani kwake Buswahili, mito mitatu mgongoni, maiki nimeifunga kwa uzi kwenye kijiti karibu na mdomo wake. Kompyuta ilikuwa juu ya stuli, mkono mmoja kutoka kichwani pake. Mama wa msaada wa sheria, ambaye ofisi yake iko Musoma karibu na ziwa, ndiye aliyetuazima. Ilikuwa kompyuta fupi, ukubwa wa Biblia mbili zilizolaliana, maana ile kubwa ya mezani sola ya nyumba ile isingeibeba. Mimi ndiye fundi. Niliunganisha, picha ikakubali, tukawaona wakubwa wamekaa na chupa zao za maji.

Mwenzangu akaanza kusema. Mwenyekiti wa kikao akainua mkono.

"Shahidi yuko wapi? Mimi nasikia mashine ya kusaga."

Kule wakacheka kidogo. Wakili wa kampuni akadakia, "Mheshimiwa, labda jineri yenyewe imefufuka." Wakacheka zaidi. Mwenzangu akaendelea kusogeza midomo, hajui kwamba hasikiki. Mke wake akamgusa bega ili anyamaze.

Nilijaribu yote pale pale. Niliitoa kompyuta nje ya dirisha, waya wa maiki nikauunga ukawa mrefu, ukaleta mngurumo mbaya kuliko feni. Tulijaribu simu. Mtandao wa pale unashika kwenye antena niliyoifunga juu ya paa tu, simu ikiingia chumbani picha inaganda, na wakili akasema hawezi kumhoji mtu aliyeganda. Mwisho mwenyekiti akasema anatupa mpaka Alhamisi inayofuata. Tusiposikika, shauri litaendelea bila sauti yake.

Skrini ikazima. Shemeji yangu, namwita hivyo mke wa mwenzangu tangu walipooana, akaniangalia.

"Shemeji, si wewe ndiyo fundi?"

"Ndiyo mimi."

"Basi inyamazishe."

Nieleze jineri, maana watu wengi wanaijua nusunusu. Ilikuwa upande wa Bunda, siku hizi imefungwa, geti limeota majani. Mimi niliingia pale na darasa la saba langu nikapewa kazi ya feni kubwa ya kuvuta vumbi katika chumba cha presi, pale ambapo pamba iliyochambuliwa inakandamizwa kuwa marobota. Vumbi la pamba ni jepesi kuliko unga. Lisipovutwa linaning'inia hewani, na hewa ya namna hiyo ikipata cheche moja inawaka yote kwa pamoja. Feni ile ilikuwa inaunguruma mpaka meno yanacheza. Sikio langu la kushoto lilibaki kwake. Lakini nilikuwaga namshukuru Mungu nikiisikia, kwa sababu feni inayounguruma inafanya kazi.

Siku ya moto feni haikuwa inaunguruma. Wenzetu watatu hawakutoka. Sisi wawili tulitoka, mimi na ngozi ya mkono iliyojikunja mpaka kwenye kiwiko, yeye na moto alioumeza kifuani. Tangu siku hiyo sauti yake ni pumzi. Ukitaka kumsikia unainama mpaka unasikia harufu ya dawa zake.

Waliohusika nawataja kwa kazi zao, kwa sababu mama wa msaada wa sheria ameniomba nisiandike majina mpaka shauri liishe. Meneja alifunga mlango wa nyuma wa chumba cha presi kwa kufuli la nje, eti tunaiba pamba. Mkaguzi alikuwaga anakunywa soda ofisini kwa meneja na kusaini kitabu bila kukanyaga ndani. Fomani wa zamu ndiye aliyetaka feni izimwe. Kulikuja wageni siku ile, na pale presini walikuwa hawasikilizani. Fomani akasema, "Zima hiyo kitu, wageni wanataka kuongea. Usiwashe mpaka nikuambie." Akaondoka nao kwenda kula. Hakurudi kusema kitu.

Hawa watatu nimewataja kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye foleni ya hospitali. Nimemtaja fomani mbele ya watoto wake sokoni. Sijutii.

Lakini kwenye maelezo yangu ya mwanzo, yale niliyoapa, nilisema fomani alizima feni kwa mkono wake mwenyewe. Si kweli. Aliyeshika swichi ni mimi. Na niliyekaa pembeni ya swichi nikisubiri kuambiwa, vumbi linapanda mpaka taa zikawa na ukungu, ni mimi vilevile. Fomani alileta wageni wake wakaapa kwamba hakuigusa ile swichi, na kwa hapo walisema kweli, ndiyo maana shauri letu limezunguka maofisini miaka yote hii. Kampuni ikasema feni ilikufa ghafla, hakuna wa kulaumiwa. Mtu wa pekee aliyeniona ni huyu mwenzangu. Alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu. Hatujawahi kuliongea. Nilikuwa naenda kumwona kila baada ya wiki mbili, tunaongea mvua, tunaongea ng'ombe wa shemeji zake wa Mugeta, tunanyamaza.

Kwa hiyo aliponiambia shemeji niinyamazishe kompyuta, nilijua ninaombwa nini. Kama ikinguruma, maneno ya mwenzangu yanaishia kitandani na maelezo yangu yanabaki. Ikinyamaza, atasema alichokiona.

Niliibeba mpaka kibandani kwangu Bunda.

Nilipoifungua niliona kwanza ziwa. Wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kuingia madirishani Musoma, feni ilikuwa imewavuta kwa miaka. Walikuwa wamejazana kwenye mapezi ya aluminiamu juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaotoa joto, wamekauka, wameshikana kama keki. Niliwatoa kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Joto likashuka, kelele ikabaki. Feni yenyewe ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai, na kitu kidogo kikitakiwa kusukuma hewa nyingi ni lazima kikimbie sana. Bushi la mhimili wake lilikuwa limelika pia. Kutia mafuta kulisaidia nusu siku.

Nilihitaji feni pana inayozunguka polepole. Shida ni kimo. Kutoka juu ya prosesa mpaka kwenye kava la matundu la kompyuta ile kuna nafasi ya vidole vitatu, basi. Vipoozeo vyote nilivyokuwa navyo dukani ni virefu kama birika.

Nikampigia fundi mwenzangu wa Mwanza. Akasema anacho kimoja kifupi, kimebaki kwenye boksi tangu mteja alipobadilisha mawazo. Akakituma na basi. Nilikipokea stendi Bunda asubuhi ya Jumatatu. Kilikuwa na mapezi membamba yaliyopangwa kama kurasa, mirija minne ya shaba inayopita katikati, na juu yake feni nyembamba kama andazi lililokaliwa, lakini pana kiganja kizima. Kwenye boksi wameandika kwamba hakisikiki. Mimi maneno ya kwenye boksi siyaaminigi. Jineri ile nayo ilikuwa na bango la usalama kwanza.

Kukifunga kulinichosha. Skrubu zake zinaingilia kwa nyuma ya bodi, kwa hiyo lazima ung'oe bodi nzima, nyaya zote, ukifunge kikiwa kimepinduliwa mezani huku unaomba kisiteleze. Nilipaka pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele. Nilipoirudisha bodi, waya wa feni ukawa umebanwa chini ya mapezi, nikaanza upya. Nilipofunika kava, nafasi iliyobaki juu ya feni haikufika unene wa shilingi. Kiliingia.

Nikawasha. Nikasubiri. Nikadhani sijawasha.

Huo ndio ubaya wa kwanza niliouandika kwenye karatasi yangu: mtu hajui kama inafanya kazi. Niliweka kiganja juu ya kava, nikahisi upepo. Niliweka ncha ya bisibisi kwenye fremu na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio langu zima, kama tulivyokuwa tunasikiliza beringi jinerini. Nikasikia mtiririko mwembamba, kama mtu anayepuliza chai mbali. Sikuipenda. Mtu aliyeungua kwa sababu feni ilinyamaza hawezi kufurahi haraka mbele ya feni iliyonyamaza. Nilikaa pale na bisibisi kichwani, nimesimamisha kazi za wateja.

Mama wa cherehani, jirani yangu wa kibanda, alikuwa ananitazama.

"Fundi, unaongea na wafu?"

"Napima kelele."

"Kwa sikio gani? Si juzi nimekuita mara nne unaniangalia tu?"

Alikuwa amesema kweli. Sikio langu si la kupimia. Nikamwomba anisaidie, akasema sawa, ila sindano yake ikianguka nami nitainama kumwokotea.

Tulipima hivi. Niliweka maiki umbali uleule wa mdomo wa mwenzangu, kompyuta umbali uleule wa stuli. Nikafungua picha ya mkutano ili prosesa ifanye kazi kama siku ya kikao. Nikanong'ona kwenye maiki majina kumi ya samaki, nikiwachanganya bila mpango. Kisha mama wa cherehani akavaa spika za masikioni, akaandika alichosikia. Kwanza nilimpa sauti niliyorekodi nikiwa na feni ya zamani. Akaandika sangara, gogogo, halafu mistari mitupu.

"Hapa mtu anasaga mahindi," akasema. "Hao samaki umewaficha wapi?"

Nikampa ya feni mpya. Akaandika sangara, sato, kamongo, mumi, gogogo, dagaa, akaendelea mpaka mwisho. Akakosa mmoja tu, furu.

"Hapo umekula neno lako mwenyewe," akasema. "Usiisingizie kompyuta. Halafu unavyonong'ona vizuri hivi, mke wako anajua?"

"Mke wangu namfokea."

"Ndiyo maana umehamia kwa kompyuta."

Nilicheka, na sikuwa nimecheka wiki ile.

Kuna kitu nilikigundua saa nane mchana, bati la kibanda likiwa la moto kwa jua. Baada ya kufanya kazi saa nzima, joto la prosesa lilipanda mpaka feni ikaanza kuongeza mwendo, na ikiongeza sana inapiga kelele kama nyingine yoyote. Nikaingia kwenye mipangilio nikaipunguza prosesa nguvu kidogo, maana kazi ya picha na sauti haihitaji zaidi. Ikatulia. Tena kuna mwendo mmoja wa katikati ambapo kava zima lilikuwa linatetemeka na kuimba. Nikakata vipande vinne vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikaviweka kwenye pembe za kava. Wimbo ukaisha.

Hii ndiyo hukumu yangu, na fundi akinisoma asije akasema sikumwambia. Kipoozeo kile kifupi ni kizuri kwa kompyuta ndogo yenye kazi ya wastani, ila kinahitaji hewa juu yake. Kimetengenezwa kwa watu wenye vyumba baridi. Bunda utakitunza kwa kukisafisha kila mwezi wakati wa pamba, Musoma kila wakati wadudu wa ziwa wanapopanda. Mapezi yake yamekaribiana mno, yatajaza haraka. Na usikifunike.

Jumatano jioni nilikuwa na karatasi ya majibu mezani. Samaki tisa kati ya kumi. Ingetosha nikilegeza skrubu moja ya feni, ikagonga kidogo, mwenyekiti akasema basi. Hakuna ambaye angejua, hata mama wa cherehani. Nilishika ile skrubu kwa ncha ya bisibisi. Sitaki kusema nilishindana na shetani, mambo hayo wanasema watu wa ushuhuda kanisani. Niliishika, halafu nikaikaza, nikafunga kava, nikala.

Alhamisi nilifika Buswahili mapema. Niliweka kompyuta kwenye stuli, nikawasha, nikapanda juu ya paa kunyoosha antena ambayo upepo ulikuwa umeigeuza. Nilipoteremka kikao kilikuwa kinaanza. Mwenyekiti akauliza kama tunamsikia. Mwenzangu akajibu, "Nasikia, mheshimiwa."

Mwenyekiti akasogea kwenye skrini yake. "Ndiye wewe unayeongea?"

"Ndiye mimi."

Shemeji akashika mdomo. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemjibu mume wake kutoka mbali.

Alianza. Alikuwa anasema maneno matano, anavuta pumzi, anasema mengine matano. Alieleza kufuli la meneja. Alieleza jinsi tulivyougonga ule mlango kwa robota la pamba tukilitumia kama nyundo. Aliwataja wale wenzetu watatu ambao hawakutoka, mmojammoja, na wapi kila mmoja alikuwa amesimama. Kule Musoma hakuna aliyecheka. Karani alikuwa anaandika, tukisikia kalamu yake.

Kisha nikasikia kitu kingine. Chini ya sauti yake mtiririko ulikuwa unapanda. Niligeuka kuitazama kompyuta.

Ilikuwa imefunikwa. Shemeji, alipoingia nikiwa juu ya paa, aliiona iko kimya, akadhani haijawashwa, maana taa yake ndogo iko nyuma. Akaona aibu wakubwa wa Musoma wakute kitu kitupu chumbani kwake. Akaitandikia kitambaa chake cha kufuma, kile kizito cheupe chenye maua mekundu kinachokaaga juu ya redio, na juu ya kitambaa akaweka Biblia. Kwetu ndivyo kitu cha thamani kinavyoheshimiwa. Feni ilikuwa inavuta nyuzi za kitambaa badala ya hewa.

"Shahidi, hapo sauti inapotea," mwenyekiti akasema. "Rudia."

Wakili wa kampuni akaingilia. "Kabla hajarudia, niulize moja. Feni ya vumbi ilikuwa inafanya kazi au ilikuwa imekufa?"

"Ilikuwa nzima," mwenzangu akasema. "Ilizi..."

Iliyobaki ilimezwa. Feni ilikuwa imeshapandisha mwendo.

"Hatusikii," mwenyekiti akasema. "Fundi yupo?"

Nilikuwa nyuma ya kitanda. Shemeji ananiangalia, hajui kosa liko wapi, ananiangalia tu kama mtu anayemwangalia daktari. Kutoka niliposimama mpaka kwenye stuli ni hatua mbili. Nilisimama. Siwezi kusema ni kwa muda gani. Mwenzangu alikuwa amegeuza kichwa kwenye mto, ananitazama.

Niliitoa Biblia. Nikakiondoa kitambaa, nikakikunja, nikampa shemeji. Nikapuliza juu ya kava. Mtiririko ukashuka, ukashuka, ukapotea.

"Sasa jaribu," nikasema.

"Feni ilizimwa," mwenzangu akasema. "Fomani alisema izimwe. Wageni walikuwa hawasikilizani."

"Alizima kwa mkono wake?" wakili akauliza.

"Hapana."

"Nani alizima?"

Akavuta pumzi. Nilisikia pumzi ile ikiingia kwenye maiki na nikajua kule Musoma wameisikia vilevile, hata karani.

"Alizima huyu hapa nyuma yangu. Fundi wa hii kompyuta. Aliambiwa azime, akazima. Akaambiwa asiwashe, hakuwasha. Nilimwambia, mura, washa, tunakufa. Akasema bado hajaambiwa."

Hilo la mwisho nilikuwa nimelisahau. Au niseme nililiweka mahali. Lakini aliposema nililisikia kwa sauti yake ya zamani, ile nene, akiniita mura, yaani kijana, kutoka hatua tano.

Kikao kiliisha muda mfupi baadaye. Nilikusanya nyaya zangu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda na kitambaa chake kimekunjwa mapajani.

"Miaka yote umekula kwangu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukanisaidia kumlaani fomani."

"Ndiyo."

"Chukua vitu vyako, fundi."

Hajaniita shemeji tangu siku ile. Simlaumu. Mwenzangu naye nina hasira naye mpaka leo, na nasema hivi nikijua hana kosa. Nilipoinama kuzichomoa nyaya karibu na kichwa chake aliuliza, "Wamenisikia?"

"Wamekusikia."

"Maneno yote?"

"Yote."

Akafumba macho. 

Jumanne iliyofuata niliitwa Musoma. Mama wa msaada wa sheria alinikuta nje ya mlango akanivuta pembeni.

"Baba, ulidanganya chini ya kiapo. Unajua wanaweza kukugeukia?"

"Najua mama."

"Ukitaka, unaweza kusema hukumbuki. Ni miaka mingi."

"Nakumbuka."

Chumba kilikuwa kidogo kuliko kilivyoonekana kwenye skrini. Fomani alikuwa kwenye benchi la mbele, amezeeka, kofia iko kwenye magoti. Sikuwa nimekaa naye chumba kimoja tangu jinerini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nilimchukia, haikuwa kazi.

Mwenyekiti akanisomea maelezo yangu ya zamani. Akauliza kama ni kweli kwamba fomani alizima feni kwa mkono wake.

"Si kweli."

"Nani alizima?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Huyu aliniambia." Nikamnyooshea kidole. "Akaniambia nisiwashe mpaka aniambie. Nikasubiri. Nilikuwa naona vumbi, nikasubiri."

Wakili wa kampuni akasimama. "Na nani alikuambia udanganye kwenye maelezo?"

"Hakuna. Hiyo nilijituma."

Akaandika kitu akakaa, ana uso wa mtu aliyeshinda. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshageukia benchi la mbele. Miaka yote fomani alikuwa anajibu uongo wangu, na kila alipoujibu alikuwa anasema kweli. Aliapa hakuigusa swichi, wageni wake wakaapa hakuigusa swichi, swali likaishia hapo. Hakuna aliyewahi kumuuliza lingine.

"Bwana fomani," mwenyekiti akasema, "ulimwambia azime, au hukumwambia?"

Fomani akaiangalia kofia yake. Akamwangalia wakili, wakili akawa anapekua karatasi. Mwenyekiti akarudia swali, neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

"Nilimwambia," fomani akasema. "Lakini sikumwambia aizime isiwashwe tena."

Karani akainama akaanza kuandika, polepole, na sisi wote tukamsubiri amalize.